Tuwatunze Askari Wetu Wazee Wangali Hai

Tarehe 29 Oktoba 2024 Jenerali David Musuguri alifariki dunia jijini Mwanza, akiwa na umri wa miaka 104. Mzaliwa huyu wa Butiama alijiunga na jeshi la kikoloni la Waingereza, KAR (King's African Rifles), mwaka 1942, akapigana Madagascar katika Vita Kuu ya Pili, na baadaye akaiongoza Divisheni ya 20 katika vita vilivyomng'oa mtawala wa Uganda, Idi Amin. Taifa lilimlilia, likamzika kwa heshima. Alistahili.

Lakini, ndugu wasomaji, jenerali hapigani peke yake. Majeshi ya Amin yalipoivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, kisha daraja la Kyaka likavunjwa, maelfu ya vijana, askari na wanamgambo, waliacha majembe na nyavu wakaitikia wito. Zaidi ya 600 wamezikwa Kaboya, wilayani Muleba. Hata Mwanza vita vilibisha hodi: Machi 1979 ndege ya Libya, iliyokuja kumsaidia Amin, ilitaka kuupiga mji huu, ikakosa shabaha, na mabomu yakaua wanyama katika hifadhi ya kisiwa cha Saanane. Leo tunavuka na watoto kwenda kutazama swala kisiwani humo, na ni wangapi kati yetu wanaoijua habari hiyo?

Wanaoijua ni wazee. Aliyekuwa na miaka 20 wakati ule sasa anaukaribia umri wa miaka 70. Wapo Igogo, wapo Mabatini, wapo Kirumba. Mzee wa namna hii utamkuta barazani asubuhi, kola ya shati imechakaa lakini pasi imepita na kifungo cha juu kimefungwa. Mtoto wa shule akipita, atamwita amweke sawa sare yake, kisha amuulize kama amekunywa uji. Akijibiwa hapana, kikombe cha mzee huhamia mkononi mwa mtoto. Vijana wa bodaboda wakishikana mashati kwa sababu ya abiria, yeye ndiye huingia kati, tena bila fimbo. Aliyewahi kumzika mwenzake porini hana hamu ya kuona damu ikimwagika kwa ajili ya shilingi elfu moja.

Siku anapokufa mzee huyo, hatuna upungufu. Maturubai yatafungwa, rambirambi itachangwa, wasifu utasomwa, na kila msemaji ataahidi kumuenzi marehemu. Arobaini ikishapita, mjane hubaki na bahasha ya karatasi mkononi: cheti cha kifo kinatafutwa kwa wakala wa usajili, RITA, mirathi inafunguliwa mahakama ya mwanzo, na kila dirisha lina fomu yake. Wale walioahidi hawaonekani tena.

Atatokea mtu aseme hiyo ni kazi ya serikali. Ni kweli serikali ina wajibu wake, na kila tarehe 25 Julai taifa huadhimisha Siku ya Mashujaa. Lakini serikali haiwezi kujua kwamba mzee wa nyumba ya tatu hakulala jana kwa kikohozi. Jirani anajua, na anayejua ndiye anayedaiwa.

Basi tufanye nini? Ninyi vijana, simu zenu zinarekodi ngoma na mpira kutwa nzima. Zirekodi pia sauti ya babu akieleza alivyovuka Mto Kagera. Muulizeni jina la kikosi chake na la rafiki yake ambaye hakurudi. Walimu, mwalikeni darasani kabla miguu haijamshinda. Majirani, mkishamzika, chagueni mtu mmoja anayejua kusoma fomu, aandamane na mjane mpaka haki yake ipatikane. Na ule uji wa asubuhi usikatike. Mtoto bado anapita njia ileile, na bado ana njaa.

Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Lakini wazee hawa wanapungua kila mwaka, na atakayeziba pengo lao ni yule aliyekaa karibu nao akajifunza. Mwenye mzee wa namna hiyo mtaani kwake asingoje Julai, wala asingoje msiba. Aende leo akampe shikamoo, avute kigoda, amsikilize.