Tusimkate Mhudumu Bakshishi kwa Makosa ya Kampuni

Safari za meli za kitalii zamani zilihesabiwa kuwa anasa ya matajiri wa Ulaya na Marekani peke yao. Siku hizi zimewafikia hata watu wa kwetu. Wazee wanaokwenda kuwatembelea watoto wao walioko Ulaya hulipiwa safari hizo kama zawadi, na wanaporejea nyumbani huulizwa maswali mawili kabla ya mengine yote: mlikula nini, na mlihudumiwa vipi? Majibu huwa ya mchanganyiko. Mimi pia ninayo ya kwangu, nami nitayaeleza; lakini nia yangu hasa ni kuzungumzia tabia moja niliyoishuhudia melini, ambayo naiona kuwa ni dhuluma iliyo wazi. Tabia hiyo ni ya abiria kufuta bakshishi ya wahudumu kwa sababu chakula hakikuwaridhisha.

Mwaka 2023 mimi na mke wangu tulisafiri kwa siku saba katika Bahari ya Mediterania. Tulipanda Barcelona, tukapita Marseille, Genoa, Civitavecchia ambayo ndiyo bandari ya kwendea Roma, na Palermo, kisha tukarejea tulikoanzia. Meli ilikuwa na abiria zaidi ya 4,000. Kuhusu chakula, haki ya kila kitu isemwe. Mkate wa asubuhi ulikuwa mzuri kuliko wote niliowahi kula, matunda yalikuwa mengi na mabichi, na tambi za Kitaliano zilipikwa na watu wanaojua kazi yao. Kwa upande mwingine, samaki wa jioni alifika mezani amekauka, wali ulikuwa umeshikana kama uji uliolala, na chai, kwa mtu wa Pwani, ilikuwa ni maji ya moto yaliyopitishwa karibu na majani. Kulikuwa na mikahawa mingine ndani ya meli hiyo hiyo ambayo samaki wake, kwa harufu tu, alionekana kuwa ni samaki kweli, lakini huko mtu hulipa fedha za ziada.

Suala la chakula cha halali lilitusumbua zaidi. Kampuni ilikuwa imetutaka tupeleke maombi mapema, tukayapeleka. Tulipofika melini jikoni hapakuwa na habari yoyote juu yetu. Nilipokwenda mapokezi nilisimama kwenye foleni kwa muda wa saa nzima, na nikapewa jibu lililosomwa kutoka kwenye karatasi. Aliyetuokoa ni mhudumu wa meza yetu, kijana wa Kiindonesia, naye ni Mwislamu. Kila jioni alitueleza waziwazi ni chakula kipi kimetiwa mvinyo na kipi kimepikwa katika sufuria moja na nyama ya nguruwe, na siku ya tatu alimfuata mkuu wake mpaka tukapikiwa chakula chetu peke yake. Hakuna aliyemwagiza kufanya hivyo. Wapo watakaouliza kwa nini Mwislamu anabeba sahani za namna ile. Mimi nilimwona akiwahudumia watu zaidi ya ishirini kwa wakati mmoja, huku akijua kwamba nyumbani kuna wazazi wanaoingoja hawala yake, na sikuona kwamba ni kazi yangu kumhoji mtu aliye katika hali hiyo.

Basi ilipokaribia siku ya mwisho, foleni ya mapokezi ilirefuka kuliko siku zote. Abiria wengi walikuwa wamekuja kwa shabaha moja, yaani kutaka bakshishi iondolewe katika hesabu zao. Yafaa ieleweke jinsi mpango huu ulivyo. Katika makampuni makubwa ya Marekani, hesabu ya kila abiria huongezewa kati ya dola 16 na 20 kwa siku kwa ajili ya wahudumu. Makampuni mengine yana viwango vyao. Kwa mume na mke wanaosafiri siku saba, hizo ni dola 224 hadi 280. Fedha hizo hugawanywa kwa wahudumu wa meza, wasafisha vyumba na wengine ambao abiria hawaoni hata sura zao. Makampuni mengi humruhusu abiria kuziondoa akitaka. Basi yule aliyechukizwa na samaki mkavu huona hapo ndipo pa kulipiza.

Lakini anamlipiza nani? Mhudumu hakumnunua samaki yule. Hakupanga idadi ya wapishi, wala hakuamua kwamba chakula cha maelfu ya watu kipikwe mapema na kuwekwa katika makabati ya joto. Aliyeamua ni kampuni, na kampuni ina hesabu zake. Nauli za meli hizi zimeshushwa ili kuvuta watu wengi, kisha takriban theluthi moja ya mapato ya makampuni makubwa hutokana na vitu vinavyouzwa safarini: vinywaji, kamari, matembezi ya bandarini, na mikahawa ile ya kulipia. Simtuhumu mtu kuharibu chakula makusudi. Hata hivyo, meza ya bure na meza ya kulipia zikiwa chini ya meneja mmoja, si vigumu kukisia ni ipi itakayopewa mpishi bora. Abiria anayeondoa bakshishi haigusi hesabu hiyo hata kidogo. Bei ya mkahawa wa kulipia inabaki palepale, na anayepungukiwa ni kijana aliyemletea maji.

Wako wasemao kwamba desturi yenyewe ya bakshishi ni mbovu, kwa kuwa mwajiri ndiye anayepaswa kulipa ujira kamili. Neno hilo ni la kweli, nami naliunga mkono. Lakini mwenye kuliamini aiandikie kampuni, au achague kampuni ambayo ujira umo ndani ya nauli. Kuusubiri usiku wa mwisho, baada ya kuhudumiwa siku saba, ndipo akumbuke kanuni za haki, hilo ni jambo jingine.

Tuziangalie na saa zao za kazi. Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, ulioanza kutumika mwaka 2013, unaruhusu nchi kuweka kikomo cha kazi cha hadi saa 14 kwa siku na saa 72 kwa wiki. Saa 72 ni zaidi ya saa 10 kila siku pasipo siku ya mapumziko, na mikataba ya wahudumu wengi huwa ya miezi sita hadi tisa mfululizo. Sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki. Wala sheria ya nchi aliko mwenye kampuni haisaidii sana, kwani meli nyingi husajiliwa kwingine: Royal Caribbean ina makao yake Miami, lakini imeandikishwa Liberia na meli zake nyingi hupeperusha bendera ya Bahamas.

Kuna lawama moja ambayo ni yetu sisi abiria bila ya kushirikiana na mtu. Katika bufee niliona watu wakijaza sahani tatu, wakaonja moja na kuziacha mbili. Mabaki ya vyakula katika Mediterania huruhusiwa kumwagwa baharini yakiwa yamesagwa, na meli ikiwa mbali na nchi kavu kwa maili 12 za baharini au zaidi. Kwa hiyo sehemu ya israfu ile huenda ikaliwa na samaki, ambao nao, nadhani, hawaletwi mezani wakiwa wamekauka kama yule wetu.

Nimeyaandika haya pia kwa kuwa baadhi ya wahudumu wa meli hizi ni watoto wetu. Vijana wa Mombasa wanaajiriwa humo, na wa Tanzania wanazitafuta kazi hizo. Kenya iliridhia mkataba nilioutaja mwaka 2014, na Tanzania mwaka 2019, lakini misikitini bado tunasikia habari za wazazi wanaouza kiwanja ili kumlipa wakala. Mkataba unakataza jambo hilo. Wakala haruhusiwi kumtoza baharia ada ya kumtafutia kazi. Gharama zinazoweza kuwa juu ya kijana mwenyewe ni za cheti cha afya, kitabu cha baharia, na pasi au hati nyingine ya kusafiria kama hiyo, na gharama za viza ni juu ya mwenye meli. Aidha, mkataba unamtaka mwenye meli ampe baharia chakula na maji bure, kwa kuzingatia masharti ya dini yake. Yaani yule Mwindonesia wetu alikuwa na haki ya kupata chakula cha halali chini katika ukumbi wa wafanyakazi, wakati sisi abiria huku juu tulikuwa tukiomba. Kijana anayetaka kwenda aisome mikataba hiyo pamoja na mzazi wake kabla ya kutia saini, aulize saa za kazi, ujira bila ya bakshishi ni kiasi gani, na nani anayelipa tikiti ya kurudi. Akidaiwa fedha za kutafutiwa kazi, achukue pasi yake aondoke.