Karafuu ya Pemba na Mizani ya Mnunuzi Mmoja

Tufani ya 1872 iliangusha mikarafuu ya Unguja, na tokea hapo Pemba ndiyo mama wa karafuu. Basi mbona mchumaji angali fukara? Mwaka 1937 wakoloni walikipa chama kimoja haki ya kununua karafuu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 haki hiyo ikashikwa na Shirika la Serikali. Mkono umebadilika, mizani ni ile ile. Bei yaweza kupandishwa, lakini mwenye mnunuzi mmoja hapatani bei, hupangiwa. Twataka mkulima awe huru kuuza, na mafuta ya karafuu na makonyo yazidi kutengenezwa hapa kisiwani, vijana wetu wapate kazi. Mti tumeupanda sisi. Kivuli kisiwe cha wengine.