Kodi Iliyomo Ndani ya Mche wa Sabuni

Mke wa askari akaaye katika nyumba za kambi huko Jinja huweza kusema kwamba nyumbani kwake hakulipwi kodi. Kwa upande mmoja asema kweli. Sheria ya kodi ya mapato ya Uganda imeusamehe mshahara wa mwanajeshi, wa polisi na wa askari magereza, isipokuwa wale walioajiriwa humo kwa kazi za kiraia. Mwalimu na karani, jirani zake, hukatwa fungu lao kabla fedha hazijawafikia mkononi. Lakini bibi huyo huyo aendapo dukani kununua mche wa sabuni, hulipa kodi bila ya kuulizwa kazi ya mumewe.

Hiyo ndiyo kodi ya ongezeko la thamani, iliyoanza kutozwa nchini mwaka 1996, na sasa ni asilimia 18. Kitu ambacho bei yake bila kodi ni shilingi 10,000 hufika 11,800. Muuza duka mdogo asiyeandikishwa huenda asilitaje neno kodi kamwe. Hata hivyo sabuni ilikwisha kutozwa ilipotoka kiwandani, naye ameipachika humo humo katika bei yake. Matoke, mahindi na mboga mbichi za sokoni hazimo, na jambo hili lafaa kukumbukwa na kila mwenye kupanga matumizi ya mwezi.

Tangu mwaka 1954 magari yalivuka Mto Nile hapo Jinja juu ya bwawa la Owen Falls. Daraja jipya, lenye urefu wa mita 525, lilifunguliwa Oktoba 2018. Sehemu kubwa ya gharama ilikuwa mkopo kutoka Japani, na mkopo wa Serikali hulipwa na wananchi. Kwa hiyo mama wa sabuni ni mmoja wa wenye daraja lile. Vivyo hivyo darasa la msingi lisilo na ada tangu mwaka 1997, na dawa ya zahanati ya Serikali isiyotozwa malipo tangu mwaka 2001, pale inapokuwapo.

Si haki, hata hivyo, kumlaumu mzee wa upande wa Mbale anayelisikia neno kodi akakunja uso. Januari 1960, katika wilaya jirani ya Bukedi, wananchi waliinuka wakachoma nyumba za machifu, na watu wakapoteza maisha. Chanzo kilikuwa kodi ya kichwa iliyopimwa kwa kukadiria mali ya mtu: chifu alimtazama mtu, akasema utalipa kiasi hiki, na maskini mara nyingine alipangiwa sawa na tajiri. Hata baada ya Uhuru, wasio na tiketi ya kodi waliviziwa alfajiri na kusimamishwa njiani, na wanaume wazima walilala vichakani. Polisi wa zamani wanaijua kazi ile, na si wengi wanaojivunia.

Kodi hiyo iliondolewa mwaka 2005, na watu wakashangilia. Shangwe ile ilikuwa na bei yake. Halmashauri zilipoteza fedha walizokuwa wakizikusanya zenyewe, zikabaki kungojea fungu kutoka Kampala. Ushuru wa huduma uliowekwa mwaka 2008 ni mdogo, nao pia umewasamehe askari.

Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, mvua kubwa ilishuka kutoka mlima Elgon, mito ya Nabuyonga na Namatala ikafurika mjini Mbale, na watu zaidi ya 20 wakafa. Kodi haizuii mvua. Lakini kuzibua mifereji, kuondoa taka na kumzuia mtu asijenge ukingoni mwa mto ni kazi za mji, na kazi hizo zataka mishahara, magari na mafuta.

Kwa mwenye nyumba, lililo karibu ni risiti. Mfanyabiashara aliyeandikishwa apaswa kutoa ile ya mtambo wa Mamlaka ya Mapato, yenye namba yake. Akiandika kwa mkono kwenye kipande cha daftari, ile 1,800 imekwisha kutoka katika mfuko wa mama, na huenda isifike Serikalini kamwe. Basi aidai kabla ya kuondoka kaunta, hata kama foleni nyuma yake inanung'unika.