“Kitabu Yangu”: Ngeli Zilizofaulu Mtihani Zikafeli Sokoni

Nilikulia Lwakhakha, mjini palipo kando ya mto wenye jina hilohilo utenganishao Kenya na Uganda. Sokoni, Mbukusu na Mmasaba wa ng’ambo huelewana kwa lugha zao bila taabu. Ajapo mgeni, wote hugeukia Kiswahili. Kiswahili hicho husema “kitabu yangu” na “ng’ombe hii”. Chuoni nilifundishwa ngeli, nikazikariri usiku wa kuamkia mtihani, nikapata alama za kuridhisha. Siku ya pili ya likizo nilijisikia nikisema “kitabu yangu”.

Aghalabu hali hii huitwa uvivu. Naona lawama hiyo si ya haki.

Seli za neva ubongoni hupashana habari katika maungio yaitwayo sinapsi. Mwaka 1973, Timothy Bliss na Terje Lømo walichapisha matokeo ya majaribio waliyoyafanya mjini Oslo kwa sungura. Walichochea kwa mapigo ya umeme njia ya neva iingiayo hipokampasi, sehemu ya ubongo isiyokosekana katika kujenga kumbukumbu mpya, wakaona kwamba baada ya mapigo hayo sinapsi ziliitikia kwa nguvu zaidi, na nguvu hiyo ikadumu kwa saa kadhaa. Baadaye ilibainika kwamba seli mbili zikiamka kwa pamoja, kalsiamu huingia katika seli ipokeayo, nayo huongeza vipokezi kwenye ungio. Lakini ili badiliko lidumu siku nyingi, seli hulazimika kuunda protini mpya, na kazi hiyo huhitaji muda.

Eric Kandel, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2000, alilichunguza jambo hili kwa konokono wa baharini. Funzo la mara moja lilikumbukwa kwa muda mfupi. Funzo lililorudiwa kwa siku kadhaa, likiachiwa nafasi, lilidumu kwa majuma, na miunganiko ya neva husika ikaongezeka takriban maradufu. Najua mwanafunzi si konokono! Hata hivyo, faida ya kurudia kwa nafasi imethibitishwa kwa wanadamu pia, tena mara nyingi.

Hapa ndipo hoja yangu ilipo. Sinapsi haijui usanifu. Huimarisha kinachorudiwa, kiwe sahihi au kosa. “Kitabu yangu” imerudiwa kinywani mwangu kwa miaka kumi na minane; “kitabu changu” nimeipa usiku mmoja, tena bila usingizi, ilhali usingizi nao husaidia kukita kumbukumbu. Ni ajabu gani basi sokoni ikishinda?

Wapo watakaosema kwamba dawa ni kuacha kukariri kabisa. Sikubaliani nao. Omuswali, msemaji wa kumuse katika matanga ya mzee wa Kibukusu, huzungumza kwa muda mrefu mbele ya umma, akitaja koo, historia na maonyo, bila karatasi mkononi. Kumbukumbu hiyo hakuipata kwa usiku mmoja. Aliwasikiliza waliomtangulia matanga baada ya matanga, kisha akasimama mwenyewe na kusema mbele ya watu wanaoyajua mambo hayo. Sisi wanafunzi wa fasihi simulizi humwandikia tasnifu, lakini hatuigi namna anavyojifunza.

Kwa hiyo wahadhiri wetu watuwie radhi: kozi ya mofolojia yenye mtihani mmoja mkubwa mwishoni inatualika tukeshe kisha tusahau. Kila mhadhara ungeanza kwa dakika tano za maswali ya majuma yaliyopita, madaftari yakiwa yamefungwa, na ngeli zilizotahiniwa juma la tatu zirudi juma la saba na la kumi na moja. Nasi tusahihishane mabwenini, hata kwa utani. Wengi wetu tutakuwa walimu hivi karibuni, na mtoto wa Lwakhakha atamsikia mwalimu wake kila siku ya shule kwa miaka minane au zaidi. Akisikia “kitabu yangu” darasani kama aisikiavyo sokoni, atakisikia wapi kile kingine?