Mbwa ametafuna mchaichai: ni hatari au la?

Nyumba nyingi za Ludewa, kuanzia baridi ya Mlangali hadi joto la Manda kando ya Ziwa Nyasa, hazikosi mchaichai karibu na jiko. Asubuhi yanachumwa majani ya chai. Mchana mbwa naye anapita, anatafuna mawili matatu, jioni anatapika mlangoni. Mama mwenye nyumba anakimbilia jembe akaung'oe.

Aliweke chini. Mchaichai una mafuta yenye harufu kali yanayoweza kuchafua tumbo la mbwa. Atatapika, pengine ataharisha kidogo, na kwa kawaida atapona bila dawa. Awekewe maji safi tu. Akiendelea kutapika hadi kesho yake, au tumbo likimvimba, aitwe afisa mifugo. Mafuta ya mchaichai ya chupani ni jambo jingine. Hayo yamekolea mno, asipakwe wala asiyalambe. Rozimeri ya bustanini haina shida.

Sumu halisi iko sufuriani. Vitunguu maji, vitunguu saumu na hata majani yake huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, na kupika hakuondoi sumu hiyo. Kwa mbwa wa kilo 10, gramu 50 za kitunguu zinaweza kumdhuru, yaani kitunguu kimoja kidogo. Dalili huweza kuchelewa siku kadhaa: analegea, fizi zinapauka, mkojo unakuwa mweusi. Kwa hiyo wanaompa mbwa kitunguu saumu ili kumtoa minyoo waache; dawa ya minyoo ipo kwenye maduka ya mifugo.

Lakini linalomhusu mzazi zaidi ni mate. Mbwa aliyekula jani hutapika, akanywa maji, akarudi kucheza. Mbwa ambaye mate yanamtiririka, hawezi kumeza, taya limelegea, sauti imebadilika, au anauma bila kuchokozwa, huenda ana kichaa cha mbwa. Hapo ndipo watu hukosea: hudhani amekwamwa na jani au mfupa, wakamwambia mtoto amshike kichwa baba aingize vidole. Mate hayo yakigusa mchubuko, jicho au mdomo, ugonjwa unaweza kuingia, na dalili zikishaanza kwa binadamu karibu hakuna anayepona.

Mtoto aliyeumwa, au aliyelambwa penye mchubuko, aoshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe kuchanjwa siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo. Chanjo hii haipatikani kila zahanati, hivyo mzazi apige simu kuuliza ilipo kabla ya kulipa nauli. Mbwa afungiwe bila kuguswa na afisa mifugo aarifiwe. Mbwa wa nyumbani huanza kuchanjwa akiwa na miezi 3, na chanjo hurudiwa kila mwaka.