KAZI AU MTO? TUNATAKA VYOTE!

Kila wananchi wanapolalamika juu ya kiwanda cha karatasi, wakubwa wana jibu moja: "Mnataka kazi au mnataka mto?" Hilo ni swali la hila. Kijana, usilijibu.

Kumbuka Webuye. Pan Paper ilianza kutoa karatasi mwaka 1974, na mji ukainuka kwa mishahara yake. Majitaka yaliishia Mto Nzoia, unaomwaga maji Ziwa Victoria. Watu walivumilia uvundo wa mayai viza na mabati kuliwa na kutu, ati ndiyo bei ya ugali. Mwaka 2009 kiwanda kikafungwa. Uvumilivu wao uliokoa kazi ya nani?

Ukweli ni huu: majitaka ya karatasi husafishwa na vijidudu. Bakteria walio kwenye mabwawa ya kiwanda hula uchafu wa mbao. Usipoliwa huko, utaliwa mtoni, oksijeni iishe, samaki wafe.

Lakini bakteria ni kama kibarua: asipolishwa hafanyi kazi. Anataka hewa, kwa hiyo mashine za kupuliza hewa bwawani zisizimwe usiku ili kupunguza bili ya stima. Anataka naitrojeni na fosforasi, ambazo maji haya hayana za kutosha, nazo zipimwe, kwani zikizidi zinanenepesha gugumaji ziwani. Hataki maji ya moto. Dawa za kupikia mbao zikimwagika ghafla zinamuua, ndiyo maana lazima liwepo bwawa la akiba la kuzizuia.

Je, haya yanaua viwanda? Finland ilijenga mitambo ya namna hii kwa wingi miaka ya 1980, na mpaka leo inauzia dunia karatasi.

Sheria tunayo. Kanuni za maji za mwaka 2006 ziliweka kikomo: oksijeni ambayo uchafu unaweza kunyonya isizidi miligramu 30 kwa kila lita ya maji yanayotoka. Katiba ya 2010, kifungu cha 42, inakupa haki ya mazingira safi. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kupata habari.

Basi tunadai jambo moja: vipimo vya kila wiki vibandikwe kwenye lango la kila kiwanda cha karatasi, mwananchi asome. Anayekuja kukuomba kura, muulize kama atalisimamia hilo. Akianza kukuuliza kazi au mto, mwonyeshe mlango.