Tamko la Maseremala wa Sake Kuhusu Msiba wa Fundi Kijana

Sisi maseremala wa Sake, eneo la Masisi, Kivu ya Kaskazini, tunatangaza kwa huzuni kubwa kifo cha fundi mwenzetu, kijana ambaye hakuwa amefikisha miaka 30. Ametutoka baada ya kuugua siku chache. Familia imeomba jina lake lisiandikwe katika tangazo la hadhara, nasi tunaliheshimu ombi hilo. Waliokalia viti vyake wanamjua. Tunawapa pole mama yake mzazi, mjane na watoto wake, pamoja na vijana waliokuwa wakijifunza kazi kwake.

Tunazungumza mapema kwa sababu yapo mambo yake yanayotuhusu sote, na hatutaki yaamuliwe kwa minong'ono ya msibani.

Kwanza tuseme alikuwa fundi wa namna gani. Sake ni njia panda. Barabara inayotoka Goma, yapata kilomita 25, inagawanyika hapa: moja inapanda Masisi, nyingine inafuata ziwa kwenda Minova na Bukavu. Mbao nyingi hupita mikononi mwetu kabla ya kufika mjini, kalitusi na grevilea zikishushwa kwa chukudu, baiskeli za mbao za kusukuma, kutoka vilimani, libuyu ikitoka misitu ya Walikale pale barabara inaporuhusu. Libuyu ni ya mwenye pesa. Kalitusi ndiyo mbao ya watu wengi, nayo ni kaidi: ikikauka haraka hupasuka nchani na kujipinda. Ukiipigilia misumari ingali mbichi, kabati litapendeza siku ya kulichukua, na baada ya miezi michache mlango wake utagoma kufunga.

Marehemu hakukubali kazi ya namna hiyo. Alipaka mabaki ya rangi kwenye ncha za kila ubao ili maji yasitoke upesi upande huo, akazipanga mbao kivulini na vijiti katikati yake upepo upite, na juu ya kila rundo akaandika tarehe. Mteja aliyekuja na pesa mkononi aliambiwa asubiri. Viungo vyake vilikuwa vya ulimi na tundu, vikakazwa kwa kijiti cha mti badala ya msumari. Vigoda alivitengeneza vya miguu mitatu, kwa kuwa sakafu zetu za mawe ya volkano hazilingani, na kigoda cha miguu mitatu hakiyumbi popote unapokiweka. Mafundi waliomzidi umri walikwenda kutazama, nasi tulikuwamo.

Februari 2024, vita vilipofika Sake, karibu mji wote ulihamia upande wa Goma, na wengi wetu tukaishia katika kambi za Mugunga na kandokando yake. Watu walibeba magodoro na masufuria, yeye alibeba randa, patasi na msumeno. Kambini alikarabati chukudu zilizovunjika na kuwatengenezea vigoda akina mama waliouza mboga. Watu waliporudi mwaka 2025 walikuta nyumba nyingi hazina milango wala madirisha. Kitanda kina faida kuliko mlango, na maombi ya vitanda hayakukosekana. Yeye alisema milango kwanza, maana hakuna mtoto anayelala usingizi mzuri ndani ya nyumba iliyo wazi. Tunaamini alikuwa sahihi, na milango hiyo ingali inafunga vizuri.

Sasa maamuzi. Kila mteja aliyempa avansi aje na risiti, au na shahidi kama risiti haipo. Kazi itamalizwa na mafundi wenzake kwa bei ileile waliyopatana, bila kuongezwa hata franka moja. Wauza mbao wanaomdai tunawaomba subira. Tumesoma daftari lake, madeni yameandikwa kwa uaminifu, na tutayalipa kidogo kidogo kutoka mfuko wetu wa pamoja. Mbao alizoacha zikikauka zitabaki kivulini hadi ziwe tayari. Anayetaka kuzinunua leo kwa bei ya chini asijisumbue.

Kuhusu vifaa, tunawaambia baba wadogo na mashangazi wa marehemu kwa heshima yote: visigawanywe wala visiuzwe kilio kikiisha. Sheria ya Familia ya nchi yetu, ya mwaka 1987 iliyorekebishwa 2016, inawaweka watoto katika safu ya kwanza ya warithi, na mjane naye ana haki yake. Desturi ya kubeba kila kitu na kumwachia mjane kuta tupu imeumiza familia nyingi za mafundi, na safari hii hatutanyamaza. Wanafunzi wake wataendelea kuvitumia vifaa hivyo palepale ateliye na kumlipa mjane kodi kila wiki. Fundi mzee atapita kila asubuhi kuwasimamia. Mmoja wa wanafunzi hao ni msichana. Marehemu alimpokea huku watu wakicheka. Nafasi yake kwenye meza ya kazi haitaguswa, na atakayemsumbua atajibu mbele yetu.

Siku ya mazishi ateliye zote za Sake zitafungwa hadi jioni. Michango ya kilio inapokelewa nyumbani kwa marehemu tu, na kila jina linaandikwa mbele ya mtoaji. Hatujamtuma mtu yeyote kukusanya pesa barabarani wala kwa simu.

Imetolewa Sake, kwa niaba ya maseremala wote.